Grisi ipi kwa baiskeli yako? Ulinganisho kwa waendeshaji wa Kigoma

Ukifika duka la spea pale Mwanga na kikopo chako mkononi, ukasema "nipimie grisi," muuzaji atakuuliza, "Ya aina gani?" Wengi wetu hujibu "yoyote tu," tukaondoka na kijiko cha kitu chekundu au cha kahawia tusichokijua. Nami nilijibu hivyo miaka mingi, mpaka siku habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, iliponigomea kwenye mwinuko wa kutoka Kibirizi, madumu mawili ya mawese yakiwa kwenye keria. Ilianza kusaga kama jiwe la kinu, kisha gurudumu likawa linayumba. Nikasukuma baiskeli kwa miguu hadi kwa fundi, Ujiji.

Mzee alifungua habu, akachota grisi kwa kidole, akaisugua kati ya vidole viwili na kuninyooshea. Juu ilikuwa mpya, inang'aa. Chini yake kulikuwa na tope la kijivu lenye chenga za chuma. "Mwanangu, grisi umeweka, uchafu hujautoa," akasema. Gololi zote 18 zilikuwa zimetoboka vishimo, na koni mbili, vile vipande vya ekseli vinavyobana gololi, zimeliwa. Nilinunua vyote upya.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza, kusoma makopo na kufungua habu za ndugu na majirani. Ninayoyaandika hapa ni kwa yule anayesimama mbele ya kaunta akisita: achukue grisi ya kawaida, ile ya beringi za magari, ile ya boti, au abaki na oil na mawese yake?

Vipimo vya kulinganishia

Grisi si kitu cha ajabu. Ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni. Mafuta ndiyo yanayolainisha, na sabuni inayashika kama sponji inavyoshika maji, yasichuruzike. Sabuni hiyo ikitengenezwa kwa lithiamu, grisi inakuwa na tabia yake. Ikiwa ya kalsiamu, tabia nyingine. Rangi haikuambii kitu, kwa sababu ni rangi tu iliyotiwa kiwandani, na kiwanda kimoja kinatia bluu pale kingine kinapotia nyekundu. Kwa hiyo unapopimiwa kutoka kopo kubwa, omba uoneshwe maandishi ya kopo lenyewe. Angalia neno "lithium" au "calcium", na namba ya ugumu. Namba 2 ndiyo ya kawaida kwa beringi, laini kiasi cha siagi ya karanga. Namba 3 ni ngumu kidogo, nayo inafaa. Ukikuta 0 au 00 ni nyepesi mno kwa kazi yetu.

Nitaipima kila moja kwa mambo manne. Kwanza maji, maana mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kutupeleka hadi Aprili au Mei, na kuna wanaoshusha mizigo ufukweni kila alfajiri. Pili mchanga na vumbi. Tatu mzigo, kwa sababu dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi, na watu hawabebi dumu moja. Nne, muda: utafungua na kusafisha kila baada ya muda gani, na je, kitu hicho utakipata mahali ulipo? Mtu wa Buhigwe au Kakonko hana kaunta kumi za kuchagua.

Joto sikuliweka, na nina sababu. Watu hushawishiwa kununua grisi ya bei kubwa "inayostahimili joto". Habu ya baiskeli haipati joto la kuisumbua grisi yoyote, hata ukiiacha juani mchana kutwa. Isipokuwa ile habu yenye breki ndani yake, ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Hiyo hupata moto kwelikweli mteremkoni, nitaigusa baadaye.

Grisi ya kawaida ya lithiamu

Hii ndiyo utakayoipata karibu kila duka la spea za magari na pikipiki, ya kahawia au ya manjano mara nyingi, imeandikwa ni ya matumizi mengi.

Kwa maji iko wastani. Mvua ya njiani inaistahimili. Ila habu ikizama, kama unapovuka kijito maji yakiwa yamefika ekseli, maji yakiingia yanachanganyika nayo na kuigeuza nyeupe, kama maziwa ya mtindi. Ukifungua ukaona weupe huo, usiiongezee, itoe yote. Kwa mchanga haina ubaya wala uzuri wa pekee. Kwa mzigo inatosha kabisa kwa baiskeli ya abiria mmoja na kikapu chake, na hata kwa keria yenye mzigo ikiwa koni zimekazwa sawasawa.

Uzuri wake mkubwa ni kupatikana. Ukianza nayo mjini utaikuta hata Kasulu na Kibondo, kwa hiyo hutalazimika kuchanganya aina. Na hili la kuchanganya si dogo. Sabuni mbili zisizopatana zikikutana, grisi inaweza kulegea ikawa uji na kuvuja, au ikakakamaa. Lithiamu na kalsiamu huvumiliana mara nyingi, lakini ukishakuwa hujui iliyomo ni ipi, salama ni kuosha yote kwa mafuta ya taa, kukausha, ndipo uweke mpya.

Inamfaa mwalimu anayekwenda shule na kurudi, mwanafunzi, mhudumu wa afya wa kijiji, mtu ambaye baiskeli yake inalala ndani na inafunguliwa mara moja kwa mwaka kabla ya mvua.

Grisi ya beringi za magari

Hii mara nyingi ni lithiamu pia, lakini imeongezewa nguvu: sabuni yake ni ya mchanganyiko na imetiwa dawa za kustahimili mgandamizo mkubwa. Kopo lake huwa na herufi EP.

Kwenye maji inaipita kidogo ile ya kawaida. Kwenye mzigo ndipo inapojionesha. Gololi ya baiskeli huzunguka polepole ukilinganisha na ya gari, na kitu kinachozunguka polepole chini ya uzito mkubwa hukamua mafuta yaliyo katikati, chuma kikagusana na chuma. Mafuta mazito na zile dawa za EP husaidia hapo. Waendesha baiskeli za mizigo ninaowafahamu, wanaobeba mkaa na mawese, wengi wameishia kwenye hii, na sidhani wamekosea.

Ile habu ya breki ya kinyumenyume niliyoitaja, nayo inaitaka hii, kwa sababu ya joto. Hapo ndipo fedha yako ya "inayostahimili joto" inapofanya kazi.

Upungufu wake ni bei, na kwamba kwa baiskeli nyepesi hutahisi tofauti yoyote. Mtu akikuambia baiskeli yako ya kwendea sokoni itakimbia zaidi kwa sababu ya grisi hii, usimwamini. Kinachofanya gurudumu lizunguke vizuri ni usafi wa gololi na koni iliyokazwa kwa kipimo: haina mchezo ukiitikisa rimu kushoto na kulia, wala haikwami ukizungusha ekseli kwa vidole.

Grisi ya kalsiamu, ile ya boti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa ziwa na tunaisahau.

Meli ya Liemba kila mtu wa Kigoma anaijua. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Julai 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imewaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene kila mahali, wakiwa na tumaini la kuirudia. Waingereza waliiibua mwaka 1924, karibu miaka minane baadaye, na mitambo ikakutwa bado inafaa kazi. Mwaka 1927 ikaanza safari ikiwa na jina la Liemba.

Kila ninapomwona mtu akipaka ekseli grisi ya juujuu kama anayepaka mkate siagi, naikumbuka meli ile. Grisi ilifanya kazi kwa sababu haikuachia maji nafasi. Tena mitambo ile ilikuwa imetulia. Habu ya baiskeli inazunguka, na kila mzunguko unaisukuma grisi pembeni. Ndiyo maana kwenye kikombe cha gololi unajaza mpaka gololi zizame, kisha unaacha kola ya grisi pembezoni mwa koni iwe kama ukuta.

Sasa, kalsiamu. Kwa maji hii ndiyo hodari kati ya zote nilizozitaja. Haichanganyiki na maji kirahisi, inayakataa. Wenye boti huitumia kwenye shafti na sehemu zinazolowana. Kwa mchanga, kola yake inayonata hushika chembe nje kabla hazijafika kwenye gololi, ila hiyo ni sharti uifute na kuibadilisha kola mara kwa mara. Mzigo inaubeba vizuri, hasa ikiwa imeandikwa EP. Ile ya kalsiamu ya kizamani huyeyuka karibu na nyuzi joto 100, na hili ndilo linalowatisha watu, lakini tumeshasema habu haifiki huko. Usiitie tu kwenye habu yenye breki ndani.

Shida yake ni kuipata. Jaribu kwa wauza vifaa vya injini za boti kabla ya duka la spea za pikipiki.

Inamfaa mchuuzi wa dagaa anayeingia na baiskeli hadi majini Kibirizi au Katonga. Inamfaa pia anayebeba chumvi kutoka Uvinza. Chumvi ikilowana inakula chuma usiku na mchana, na hakuna mahali inapopenda kujificha kama kwenye ekseli ya katikati, pale kranki zinapozungukia, kwa sababu maji na vumbi vyote vya fremu hushukia hapo.

Oil

Msidharau oil. Baiskeli za zamani za Kiingereza zilikuwa na tundu dogo kwenye habu, lenye kifuniko, la kudondoshea oil. Waliozitengeneza walijua wanachokifanya: oil inapenya kila pembe na inasukuma uchafu utoke nje. Ila haikai. Ukichagua oil kwenye habu, umechagua kudondoshea kila wiki, na maji yataingia kirahisi kuliko kwenye grisi.

Pana sehemu mbili ambapo oil ndiyo sahihi na grisi ni kosa. Ya kwanza ni friwili, ile gia ya nyuma inayozunguka bure ukiacha kukanyaga. Ndani yake kuna vijino vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba. Ukijaza grisi nene, vijino vinaganda, na siku moja unakanyaga pedeli inazunguka bure. Ya pili ni cheni. Mtu akipaka cheni grisi, mchanga unanasa, na grisi yenye mchanga ni kama msasa. Cheni huhitaji tone la oil kwenye kila pini, uzungushe, kisha ufute yote ya nje kwa kitambaa. Ya nje haina kazi, inakusanya vumbi tu. Ukitaka kujua cheni imechoka, pima kwa rula inchi 12 kutoka pini hadi pini: zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ibadilishe kabla haijala meno ya friwili na ya kranki.

Nazungumzia oil mpya ya injini, au ya cherehani kwa sehemu ndogondogo. Oil chafu ya gereji ni habari nyingine. Naelewa kwa nini inapendwa: inatolewa bure au karibu na bure. Lakini imebeba masizi na chembe za chuma za injini iliyotoka, yaani unatia kwenye gololi kitu kilekile kilichotia vishimo kwenye zangu. Tena ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeishika kila siku kwa mikono mitupu. Vijana wa mafundi ndio wanaoumia hapo. Kama lazima uishike, vaa hata mfuko wa nailoni mkononi, na unawe kwa sabuni, si kwa petroli.

Mawese

Hapa Kigoma swali hili haliepukiki. Nimeona cheni ikidondoshewa mawese Mwandiga, na aliyefanya hivyo alifika alikokuwa anakwenda.

Na si ujinga. Karne ya 19 reli za Uingereza zilitumia mawese kutoka Afrika kutengenezea grisi ya ekseli za mabehewa. Yanalainisha vizuri sana, na kati ya mafuta ya mimea hayaharibiki upesi kama ya alizeti. Tatizo linakuja siku zinapopita. Hewa inayageuza kuwa ulimbo, vumbi linashika, chungu wanakuja, na asubuhi ya baridi, hasa kule milimani Kasulu, yanaganda yakawa kama nta. Maji ya mvua yanayatoa kidogokidogo. Mabehewa yale ya reli yalikuwa na watu wa kuyaongezea grisi njiani; wewe uko peke yako.

Kwa hiyo mawese ni ya dharura. Uko kijijini, cheni inalia, mjini ni kesho kutwa: dondoshea. Ukifika, osha kwa mafuta ya taa na utie oil. Kwenye gololi usiyatie, labda iwe habu imekauka kabisa na bado una safari ndefu mbele.

Sehemu nyingine za baiskeli

Kwa stelingi, aina yoyote ya grisi itatosha, ila weka ya kutosha kwenye kikombe cha chini. Gurudumu la mbele hurushia maji na mchanga pale pale. Pedeli kwenye meno yake ya kufungia zipakwe grisi kabla ya kufungwa, na ukumbuke ya kushoto hufungwa kinyume: inakazwa kwa kuizungusha kushoto. Wanafunzi wa ufundi wengi wameharibu kranki kwa kusahau hilo.

Bomba la kiti ndilo linalosahauliwa zaidi. Kwenye baiskeli za mtumba zenye gia, bomba mara nyingi ni la aluminiamu na fremu ni ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu zinaumana, na baada ya misimu miwili ya mvua kiti hakipandi wala hakishuki. Ndugu yangu alilazimika kukata bomba kwa msumeno ili mtoto wake aweze kuitumia baiskeli. Kijiko kimoja cha grisi yoyote kingezuia. Lipake, na kila mwaka lichomoe, lifute, ulipake tena.

Rimu na mpira wa breki visiguswe na grisi kabisa. Mkono ukiteleza ukapaka, osha kwa sabuni na maji ya moto kabla hujapanda. Tairi nalo hivyo hivyo, grisi na oil hulainisha na kuozesha mpira.

Uchague nini, kulingana na hali yako

Kama unatumia baiskeli kwenda kazini au shuleni, barabara ya lami au changarawe, na hubebi zaidi ya mtu mmoja: lithiamu ya kawaida kwenye habu, stelingi na katikati, oil kwenye cheni na friwili. Fungua mara moja kwa mwaka, Septemba au Oktoba, kabla ya mvua.

Kama unabeba mizigo kila siku, chagua ya EP, na habu ya nyuma uifungue mara mbili kwa mwaka, kwa maana ndiyo inayobeba. Gololi zake ni za robo inchi, tisa kila upande kwenye baiskeli nyingi za Phoenix na za aina hiyo. Ukikuta hata moja ina kishimo, badilisha zote; mpya moja kati ya zilizochakaa itabeba mzigo peke yake na kupasuka.

Kama baiskeli yako inaingia majini au inabeba dagaa na chumvi, itafute ya kalsiamu hata kwa kuagiza. Ukiikosa kabisa, chukua ya EP na ufungue kila miezi mitatu wakati wa mvua.

Uko mbali na duka, na una kopo moja tu la kuchagua? Chukua lithiamu ya kawaida na uendelee nayo hiyohiyo mwaka hadi mwaka. Nunua pia lita moja ya mafuta ya taa kwa ajili ya kuoshea, na usiyatumie kwenye taa mpaka kazi ya habu imekwisha.

Una baiskeli ya zamani yenye tundu la oil na unapenda kuihudumia kila Jumamosi: idondoshee oil mpya, itakutumikia vizuri tu. Na kama umenunua mtumba ambao hujui ndani yake mna nini, usikisie. Uifungue yote siku ya kwanza, uoshe, uhesabu gololi kila upande na kuziandika, ndipo uchague grisi.

Unapofungua mara ya kwanza, tandika kitambaa cheupe chini. Gololi zikidondoka utaziona.